Muulize Mjomba: Na baba, nani amemuuliza hali?

Tangu nimjibu yule dada aliyekuwa akilia kila jioni baada ya kujifungua, barua zinazonijia zimebadilika sura. Wanaoandika sasa wengi ni wanaume, nao huuliza kuhusu sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, mtoto anapozaliwa. Wengi huandika saa nane au saa tisa za usiku, na karibu wote huanza kwa kuomba radhi: "Samahani Mjomba, najua haya ni mambo ya wanawake." Hizo samahani ziacheni mlangoni. Nimekuwa muuguzi wa afya ya akili kwa miaka mingi kuliko umri wa baadhi yenu, na mimi mwenyewe ni baba wa watatu. Hakuna mtakaloniambia likanishtua.

Nimechagua barua nne. Ya kwanza haikuweza kungoja toleo hili litoke, kwa hiyo mwenyewe nilishamwandikia faragha, na ninayoyachapa hapa ameyaruhusu.

*Shikamoo Mjomba. Nina miaka 32 na mtoto wetu wa kwanza ana miezi minne. Mke wangu alifanyiwa upasuaji wa dharura baada ya leba kukwama. Nilikuwepo. Niliwaona wakimkimbiza na kitanda, nikaachwa koridoni nimeshika ndala zake. Leo mama mzima, mtoto mzima, na kila mtu ananipa hongera. Mimi furaha siioni. Nikimbeba mtoto najiona kama nimeshikishwa mtoto wa jirani. Kazini natoka saa kumi na moja, lakini nakaa kwenye gari maegeshoni hadi saa mbili usiku, sifanyi lolote. Nyumbani nafoka kwa vitu vidogo. Juzi nilirusha chupa ya maziwa ikagonga ukuta. Mke wangu akambeba mtoto akaingia chumbani bila kusema neno. Mtoto akilala mimi silali. Nikiulizwa nina nini, nasema nimechoka. Wakati mwingine nawaza kwamba wangekuwa na amani zaidi nisingekuwepo. Nimesoma kuhusu sonona ya uzazi, lakini mimi sikuzaa. Je, mwanaume anaweza kuipata, au huu ni uvivu na ubinafsi tu?*
*— Baba wa Maegeshoni*

Marahaba, mpwa wangu. Umeandika mengi, nami naanza na lile ulilolipitisha haraka karibu na mwisho: kwamba wangekuwa na amani zaidi usingekuwepo. Nakuuliza waziwazi, kama nilivyokuuliza kwenye barua yangu: unawaza kujiua? Watu huogopa kuuliza hivi wakidhani watamtia mtu wazo kichwani. Hawamtii. Mara nyingi anayeulizwa hushusha pumzi kwa kuwa hatimaye kuna aliyelitaja. Kama jibu ni ndiyo, au ni "sijui", basi jambo hili limeshaizidi safu ya jarida. Mwambie mtu mmoja leo hii kwa maneno hayohayo uliyoniandikia, mkeo au ndugu unayemwamini, kisha mwende pamoja hospitali, kitengo cha dharura, hata kama ni usiku wa manane. Usikae peke yako mpaka uonwe. Na kama kuna kitu ulichowahi kukiwazia kwamba ungekitumia, mtu mwingine akiondoe kabisa nyumbani. Wewe usibaki kuwa mlinzi wake.

Uliponijibu kwamba umeshamwambia kaka yako na amekuja kukaa nanyi, ndipo nilipokaa chini kukuandikia haya mengine.

Ndiyo, mwanaume huipata. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, James Paulson na Sharnail Bazemore, walikusanya tafiti 43 zilizohusu watu zaidi ya 28,000. Waliona kwamba takriban baba mmoja katika kila kumi alikuwa na sonona wakati fulani kati ya miezi ya mwanzo ya ujauzito na mtoto kutimiza mwaka. Kipindi kilichoonyesha idadi kubwa kuliko vyote kilikuwa mwezi wa tatu hadi wa sita baada ya kuzaliwa. Wako ana miezi minne, sivyo?

Kuchelewa huko kunawachanganya wengi. Mama akiwa na huzuni ya siku za mwanzo, ile inayoanza siku ya pili au ya tatu na kwisha yenyewe ndani ya wiki mbili, kila mtu anaijua na wakunga wanaitarajia. Baba katika siku hizo anakimbia huku na huko: dawa, nguo, simu za ndugu. Ana kazi ya kufanya na watu wamejaa nyumbani. Kisha wageni wanaaga, likizo inakwisha, mama anaanza kutembea vizuri, na mtu aliyekuwa amejibana tangu siku ya leba anapata nafasi ya kuporomoka. Wakati huo hakuna anayemwangalia. Nenda kliniki yoyote ya watoto uone ile kadi: kuna mahali pa uzito wa mtoto, pa chanjo, pa hali ya mama. Baba anaulizwa jina na namba ya simu.

Unasema hukuzaa. Kweli, lakini mwili wako haukukaa nje ya jambo hili. Kwanza kuna usingizi. Mtoto mchanga hunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku nzima, usiku ukiwemo, na mtu anayekatizwa usingizi kila baada ya saa mbili au tatu kwa miezi, hasira zake huwa karibu na huzuni zake huwa karibu, awe mwanamke au mwanaume. Pili kuna homoni. Mwaka 2011 mtafiti Lee Gettler na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia vijana 624 wa Cebu, Ufilipino, kwa takriban miaka minne na nusu. Walioingia kwenye ndoa na kupata watoto, testosteroni yao, ile homoni ya kiume, ilishuka sana kuliko ya waliobaki makapera, na waliotumia saa tatu au zaidi kwa siku kulea ndio waliokuwa na kiwango cha chini zaidi. Huo si ugonjwa; ni mwili wa mwanaume ukijipanga kulea. Sisemi pia kwamba homoni ndiyo iliyorusha ile chupa. Nasema tu kwamba anayekuambia ubaba ni jambo la mfukoni na la jina la ukoo, hajui mwili wake unafanya nini.

Halafu kuna yanayomhusu kila mtu kwa namna yake: kuwahi kuugua sonona zamani, mke kuwa mgonjwa, hofu ya fedha, ndoa iliyokuwa na nyufa kabla ya mimba, mtoto anayelia kupita kiasi. Na kwako kuna ile koridoni.

Nakaa hapo kidogo. Uliandika kuhusu ndala. Mtu aliyesahau haandiki ndala. Kama picha ile inakurudia bila kuiita, kama unashtuka ukisikia magurudumu ya kitanda au king'ora, kama unakwepa hata kupita karibu na hospitali, basi pengine una vitu viwili, sonona na kiwewe cha siku ile, na kiwewe kina tiba yake ya mazungumzo isiyofanana sana na ya sonona. Ukienda kwa daktari usimweleze habari za uchovu tu. Mweleze koridoni: nani alikuwepo, ulingoja vipi, ulidhani nini kimetokea. Baba wengi huona hawana haki ya kulitaja hilo kwa sababu aliyepasuliwa ni mke. Lakini yeye alikuwa amelala kwa dawa au amezungukwa na watu. Aliyesimama peke yake akisubiri kuambiwa nani amepona na nani hakupona ni wewe.

Kuhusu maegeshoni. Kitabibu tunasema sonona pale dalili zinapokaa wiki mbili au zaidi, sehemu kubwa ya siku na karibu kila siku: huzuni au kukosa hamu ya vitu ulivyovipenda, pamoja na mengine kama usingizi kuharibika, chakula kutopita au kupita kiasi, nguvu kwisha, akili kutotulia, kujiona hufai, kuwaza kifo. Hayo ni ya wote. Ila wanaume wengi niliowahudumia hawakuja wakilia. Walikuja kwa sababu wamegombana na bosi, au wameanza kunywa, au wanaendesha gari kama wanaofukuzwa, au wanafanya kazi hadi usiku bila aliyewaomba. Ukitafuta machozi kwa mwanaume wa aina hiyo utamkosa. Kwako mimi nasoma hasira, kujitenga na kukosa usingizi hata pale mtoto anapolala. Uvivu hauko hivyo. Mvivu angelala.

Nenda kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili wiki hii, na kaka yako akusindikize. Huenda ukapewa dodoso la Edinburgh, maswali kumi kuhusu siku saba zilizopita, lililotengenezwa mwaka 1987 na John Cox na wenzake kwa ajili ya akina mama. Linatumika kwa baba pia. Mwaka 2001 Stephen Matthey na wenzake nchini Australia walilipima kwa wanaume wakaona kiwango cha kutilia shaka kinafaa kishushwe kwa alama mbili, kwa kuwa mwanaume hakubali kwa urahisi kwamba amekuwa akilia. Kwa hiyo ukijibu, jibu kwa ukweli, na ukiambiwa alama zako si nyingi lakini wewe unajijua, sema. Daktari mzuri pia atataka kupima damu, kwa sababu tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, kwa mfano, huweza kuiga sonona.

Tiba ipo na inafanya kazi. Kwa sonona isiyo kali, mazungumzo na mtaalamu kwa wiki kadhaa huwatosha wengi. Kwa iliyo kali, mazungumzo na dawa pamoja. Dawa za sonona zinazotumika sana siku hizi hazileti uraibu kama watu wanavyoogopa, ila hazikimbii: nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili, na kukamilika huchukua wiki sita au zaidi. Wanaokata tamaa siku ya tano ni wengi mno, na huwa nasikitika, maana siku hizo za mwanzo ndizo za maudhi, kichefuchefu na wasiwasi, na nafuu iko mbele kidogo. Ukiona mawazo ya kifo yanazidi baada ya kuanza dawa, rudi siku hiyohiyo.

Mtoto kuonekana kama wa jirani, hilo lisikutishe kama lilivyokutisha. Mapenzi ya mzazi hayaangukii kila mtu chumba cha kujifungulia. Kwa wengi, na kwa baba hasa, hujengeka kwa mikono: kumwogesha, kumbadilisha nepi, kumlaza kifuani ngozi kwa ngozi, kumpa chupa yeye akikukazia macho. Chagua kazi moja ya mtoto iwe yako kila siku, ndogo na ya saa ileile. Usingoje kwanza umpende ndipo umwogeshe. Mwogeshe.

Na sasa chupa. Kama iligonga ukuta mara moja, nyumba nzima sasa inakuangalia mkono. Weka sharti hili na mkeo alijue: ukisikia damu inapanda, mtoto analazwa chali kitandani mwake, mahali salama, unafunga mlango na kutoka chumbani dakika kumi. Kulia kwa dakika kumi hakumdhuru mtoto mzima wa afya. Kutikiswa kunamdhuru, hata kwa sekunde chache, na madhara ya ubongo hayarudi nyuma. Kilio cha watoto hufika kileleni karibu na wiki ya sita na kwa wengi hupungua mwezi wa tatu au wa nne, kwa hiyo huenda hali ngumu zaidi imeshapita.

Mkeo mwonyeshe barua uliyoniandikia. Usijaribu kuifupisha kwa mdomo. Utaishia kusema "nimechoka". Kisha mgawane usiku, kila mmoja apate angalau saa nne au tano za mfululizo: yeye alale mapema wewe ukiwa zamu, kisha mbadilishane. Kama ananyonyesha, wewe mletee mtoto na umrudishe, naye asiinuke. Hilo halitaponya sonona peke yake, lakini sijaona tiba inayoshika kwa mtu asiyelala.

*Shikamoo Mjomba. Tuna mapacha wa miezi saba. Sonona ilinikuta nikiwa mjamzito, nikatibiwa, na sasa niko vizuri. Nilipokuwa naumwa, mume wangu ndiye aliyenishika mkono: alinipeleka kliniki, alinikumbusha dawa, aliamka usiku. Mimi nilipoinuka, yeye akaanguka. Hakuwa mnywaji, sasa anarudi amelewa mara tatu, nne kwa wiki. Hacheki na mtu. Nikimwambia aende kwa daktari wangu anasema yeye si kichaa. Nimechoka kubembeleza. Nifanyeje?*
*— Mama Pacha*

Marahaba, binti yangu. Ulivyoandika "mimi nilipoinuka, yeye akaanguka" umesema walichokiona hata Paulson na Bazemore: sonona ya mama na ya baba huelekea kuambatana. Uingereza ilitangaza Desemba 2018 kwamba wenza wa akina mama wenye matatizo makubwa ya akili kipindi cha uzazi wapimwe nao. Wazo zuri, ila ni nchi chache zinazofanya hivyo. Kwingine, mtu anayemuuguza mgonjwa wa sonona miezi mingi huchukuliwa kama kiti cha wodini: yupo tu.

Acha kumwambia anaumwa. Nalisema hilo mimi ambaye kazi yangu ni kuwaambia watu wanaumwa. Neno la ugonjwa limeshamfanya asimame mlangoni na kuzuia. Mwambie ulichokiona kwa macho, kimoja kimoja, bila kukipa jina: "Hujacheka tangu watoto walipoanza kukaa. Jumatatu ulirudi saa sita, ukalala na viatu. Nilipoumwa ulinipeleka, nami nataka kwenda nawe." Kisha nyamaza. Usijaze ukimya, wanaume wengi jibu lao huja baada ya ukimya mrefu unaomchosha anayengoja. Na usimkabili mezani uso kwa uso. Wanaume niliowahudumia walifunguka zaidi tukitembea bega kwa bega, au mikono yao ikiwa na kazi. Mtoke na gari la watoto, yeye alisukume.

Huyo daktari wako asiwe ndiye daktari wake, kama inawezekana. Kwake huyo ni daktari aliyemwona yeye akiwa imara, na huenda ndiyo sababu hataki kwenda kwake. Mtafutie mwingine, chukua miadi wewe mwenyewe, mpe siku na saa. Mtu mwenye sonona hawezi kupiga simu tatu kutafuta nafasi; hilo ndilo linalowashinda, nasi hudhani wamekataa. Akikataa neno "akili", aende kwa ajili ya usingizi. Daktari anayejua kazi atafika kwenye sonona kupitia usingizi.

Kuhusu pombe sibembelezi. Siku aliyokunywa asilale kitanda kimoja na watoto, hata kidogo. Mtu mzima aliyelewa akilala na mtoto mchanga, hatari ya mtoto kufa usingizini hupanda sana. Asilale nao kwenye kochi pia, amelewa au hakulewa. Asiwabebe kwenye ngazi, asiendeshe nao. Mwambie asubuhi akiwa timamu, na mkubaliane kabla hajatoka.

Na kama amewahi kukupiga, kukutisha, au watoto wanamwogopa, hapo ushauri wangu wote wa kutembea bega kwa bega unasimama. Sonona inaeleza hasira. Haimpi mtu ruhusa ya kuwaumiza wengine. Tafuta kwanza mahali salama pa wewe na watoto, tiba yake itafuata akiwa huko alipo.

Wewe mwenyewe endelea na miadi yako. Usiiache kwa sababu zamu ya kuumwa imehamia kwake.

*Mjomba, mimi ni babu wa miaka 74. Nilizaa wanane na sikuwahi kusikia baba akiumwa kwa sababu mkewe amejifungua. Hamuoni mnawafundisha vijana udhaifu?*
*— Babu wa Wengi*

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, nami nikuulize: katika rika lako hapakuwa na baba ambaye akiingia nyumbani watoto walitawanyika? Hapakuwa na yule aliyesafiri kikazi mtoto wa tatu alipozaliwa, asirudi? Hapakuwa na aliyeanza ulevi mwaka uleule mkewe alipojifungua? Tuliwaita wakali, watoro na walevi. Baadhi yao walikuwa hivyo kweli. Baadhi, nina hakika, walikuwa wagonjwa.

Sababu ya kuwashughulikia si kuwadekeza. Mwaka 2005 Paul Ramchandani na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la The Lancet matokeo ya kufuatilia maelfu ya familia za eneo la Avon, Uingereza. Watoto ambao baba zao walikuwa na sonona wiki nane baada ya kuzaliwa walionyesha matatizo zaidi ya hisia na tabia wakiwa na miaka mitatu na nusu, na zaidi kwa wavulana, hata sonona ya mama ilipoondolewa kwenye hesabu. Wajukuu zako hao, Mzee.

Ukitaka kusaidia, kuna kazi inayokufaa kuliko mtu yeyote. Nenda kwa mwanao mwenye mtoto mchanga, mchukue huyo mtoto kwa muda wa saa mbili alasiri ili wazazi walale, na kabla hujaondoka muulize mwanao peke yake: "Wewe unaendeleaje?" Ukiuliza wewe, mtu wa kizazi ambacho hakikuulizwa, atajibu.

*Shikamoo Mjomba. Mke wangu ana ujauzito wa miezi saba. Niliugua sonona nikiwa chuoni, ikarudi mwaka jana, na sasa natumia dawa na ninaendelea vizuri. Nataka kuziacha kabla mtoto hajafika, nisije nikawa baba anayemeza vidonge. Niache taratibu au niache mara moja?*
*— Baba Mtarajiwa*

Marahaba. Usiache kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, si kwa uamuzi wako mwenyewe na si mwezi huu. Aliyewahi kuugua sonona yuko kwenye hatari zaidi ya kuugua tena mtoto anapozaliwa, na wewe imeshakujia mara mbili. Kuacha ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu, kukosa usingizi, na wengine husikia kama shoti za umeme kichwani, halafu mtu akadhani anapagawa. Kwa kawaida madaktari hushauri kuendelea angalau miezi sita baada ya kupona, na zaidi kwa aliyeugua zaidi ya mara moja. Zungumza na daktari wako, mwambie tarehe ya kujifungua, na kama mtakubaliana kupunguza, basi mpunguze mkiwa mmeshapita miezi ya usingizi mbovu.

Badala yake tumia miezi hii miwili kujiandaa. Mkeo anazijua dalili zako za mwanzo? Kwa mmoja ni kuacha kujibu simu, kwa mwingine ni kutonyoa. Mwambie, na mkubaliane atafanya nini akiziona, pamoja na ruhusa ya kumpigia daktari hata kama wewe utanuna. Pangeni zamu za usiku sasa. Chukua miadi mapema, ya wiki ya sita na ya mwezi wa tatu, usingoje mpaka ujisikie vibaya. Ukifika ukiwa mzima, mtacheka na daktari dakika kumi na urudi nyumbani.

Kuhusu kuwa baba anayemeza vidonge: kuna baba wanaomeza vya presha na vya sukari, na sijapata barua ya mtoto anayewalaumu. Vyako viweke kwenye kabati la juu lenye kufuli. Watoto hutambaa mapema kuliko wazazi wanavyotarajia.